Kadi za zamani za besiboli na saini za posta: vifaa gani vinafaa Lamu na Malindi, na vipi ni pesa kwenda na maji

Tuanze na hukumu, kwa wasio na subira. Kwa mkusanyaji wa kadi za zamani za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, anayeishi Lamu au Malindi, vitu viwili vina thamani ya kila shilingi: sanduku lisilopitisha hewa lenye silika (chembe za kunyonya unyevu) ya kutosha, na stempu ya Marekani ya kurudishia barua unapomwomba mchezaji saini kwa posta. Vifuko laini vya plastiki vinafuata kwa karibu. Kifuko kigumu, kile wanachokiita toploda na ambacho kila muuzaji wa mtandaoni hukitanguliza, kina kazi moja tu, nayo ni kuzuia kadi isipinde. Kasha la sumaku, pakiti ghali za kusawazisha unyevu na kuponi ya posta ya kimataifa, achana navyo.

Sababu ya hukumu hii ni hewa yetu. Vifaa hivi vimebuniwa kwa nyumba za Marekani, ambazo kiangazi zina kiyoyozi na baridi zina hita, na karatasi hukaa humo bila taabu. Karatasi hupenda unyevu wa asilimia 35 hadi 50. Pwani, kipima unyevu kikikaa chini ya 70 ni siku ya kushukuru, na masika ya Aprili na Mei yakiingia na kusi, kinapanda mpaka kinachosha kukitazama. Kadi ya miaka ya 1950 ni kadibodi tupu isiyo na ngozi ya plastiki, kwa hiyo hunywa maji. Kwanza pembe huvimba, kisha madoa ya kahawia hutokea nyuma, kisha koga. Kadi mpya zenye utando wa metali, kama Topps Chrome za kampuni ya kadi ya Topps, hazioti koga upesi, lakini hujikunja kwa sababu upande wa karatasi unatanuka na upande wa metali hautanuki. Toploda haizuii lolote kati ya hayo. Juu iko wazi.

Vifuko na vipimo vyake

Kosa linalogharimu zaidi wakati wa kuagiza ni kudhani kadi zote zina kipimo kimoja. Kipimo cha leo, milimita 64 kwa 89, Topps walikianza 1957. Kabla ya hapo ni vurugu. T206, kadi ndogo zilizotiwa kwenye pakiti za sigara za American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911, ni takriban 37 kwa 67. Kadi za kampuni ya Goudey za 1933 ni 60 kwa 73, karibu mraba. Za kampuni ya Bowman za 1948 hadi 1950 ni 52 kwa 64, na za 1951 na 1952 zikarefushwa hadi 79. Topps za 1952 hadi 1956 ni 67 kwa 95.

Sasa chukua kifuko laini cha kawaida, ambacho ni 67 kwa 92. Kadi ya Topps ya 1954 ukiilazimisha humo, pembe mbili za chini zitakwaruzwa na juu itachungulia nje. Na T206 ukiitia humo humo, itacheza ndani mpaka kingo zilike. Kwa hiyo agiza kwa kipimo cha kadi uliyo nayo, siyo kwa picha ya tangazo. Pakiti huwa ya vifuko 100 na bei yake ni ndogo, basi hata ukinunua aina tatu hutaumia. Alama: nne na nusu kati ya tano. Nusu tumeikata kwa sababu vifuko vya bei ya chini kabisa huwa na mshono mkali unaochuna pembe. Pitisha ukucha ndani kabla ya kutia kadi.

Angalia pia plastiki yenyewe. Inayotakiwa ni polipropilini. Kurasa za albamu za miaka ya 1980 zilizotengenezwa kwa PVC laini bado zinauzwa kwa mafungu, tena mara nyingi zikiwa na kadi ndani, na zinatambulika kwa harufu kali na mguso wa kunata. Dawa inayolainisha PVC hutoka taratibu, hupanda juu ya kadi, na wino hushikana na plastiki. Joto huharakisha jambo hili, na joto tunalo. Ukinunua albamu ya namna hiyo, kazi ya kwanza ni kuzitoa kadi zote siku ile ile.

Toploda tuipe alama mbili na nusu. Ya kawaida ni inchi 3 kwa 4, yaani milimita 76 kwa 102, na imeandikwa pointi 35, maana yake inachukua unene wa milimita 0.9 hivi. Kadi lazima iwe ndani ya kifuko laini kwanza. Ikiingia tupu, vumbi la plastiki lililo ndani huikwaruza. Watu wengi huziba mdomo kwa selotepu. Pwani hilo ni balaa: gundi ya selotepu huyeyuka kwa joto, hutambaa hadi ndani, na ukija kuitoa kadi baada ya mwaka mmoja, inatoka na utepe wa kahawia. Ukihitaji kuziba, tumia tepu ya karatasi ya wapaka rangi, tena ukunje ncha moja ili kuwe na kishikio.

Kilicho bora kuliko toploda kwa kadi kubwa za 1952 hadi 1956 ni kifuko nusu-kigumu cha aina ya Card Saver I. Kina nafasi ya kutosha, ni chembamba, na sanduku moja litabeba nyingi zaidi. Ndicho kinachopendekezwa na PSA, kampuni ya kupima ubora wa kadi iliyoanzishwa 1991, kwa kadi zinazotumwa kwao. Ubaya wake ni kwamba kadi hupita kwa kubanwa, basi vuta mdomo wa kifuko ufunguke kabla ya kutia na usisukume kadi kwa pembe. Alama nne.

Kasha la sumaku linapendeza machoni, hatukatai. Vipande viwili vya akriliki vinafungwa na sumaku ndogo juu. Lakini sumaku za neodimi huliwa na kutu mara chumvi ikipata upenyo kwenye ngozi yake ya nikeli, na kutu hiyo ikianza haiko mbali na kadi. Akriliki yenyewe haizuii unyevu. Alama moja na nusu, na hiyo moja ni kwa sababu ya sura.

Hapa pana neno kwa wenye nyumba za kale za Lamu. Zidaka za ukutani zinaonekana kama ziliumbwa kwa ajili ya kadi zilizotiwa kwenye makasha, na picha zake mtandaoni hupendwa sana. Usifanye. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji na kuyarudisha, na nyuma ya kidaka ndiko kwenye ubaridi zaidi. Chumba cha kufukizia udi nacho si mahali pake: moshi huacha utando wa mafuta kwenye plastiki na kwenye kingo za kadi. Na vidonge vya nondo visikaribie sanduku la kadi, kwa kuwa naftalini hulainisha plastiki ya polistirini inayotengenezewa visanduku vingi vya bei nafuu.

Sanduku na silika

Hapa ndipo pesa zako zinapofanya kazi. Sanduku linalofaa ni lile la chakula lenye mpira wa kuzibia kwenye kifuniko na vibano vinne pembeni. Yapo kwenye maduka makubwa ya Malindi, na Lamu utayapata kwa wauza vyombo. Jaribio lake ni rahisi: tia tishu kavu ndani, funga, lizamishe kwenye ndoo ya maji kwa dakika kumi huku umelikandamiza. Tishu ikitoka kavu, nunua. Ikiwa na unyevu hata pembeni, tafuta jingine.

Silika ndiyo inayokosewa zaidi. Vile vipakiti vya gramu moja au mbili vinavyotoka kwenye viatu na mikoba havina maana yoyote hapa, na hesabu yake ni hii. Hewa iliyo ndani ya sanduku la lita tano ina maji kidogo sana, sehemu tu ya gramu. Maji yaliko ni kwenye karatasi. Kilo moja ya kadi, karibu kadi 550 za kipimo cha leo, ikitoka kwenye unyevu wa asilimia 80 kushuka hadi 45, itatoa maji ya gramu 40 hadi 50. Silika kwa unyevu huo hubeba takriban moja ya tano ya uzito wake. Kwa hiyo kilo moja ya kadi inataka gramu 200 hadi 250 za silika kwa mara ya kwanza. Ukiweka gramu 20, itajaa ndani ya siku chache na kadi zako zitabaki kama zilivyokuwa, wewe ukidhani umezilinda.

Nunua silika ya jumla yenye rangi ya machungwa, inayogeuka kijani ikishiba. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu. Iache, hasa penye watoto. Asiyepata hata moja kati ya hizo, ule mchanga mweupe wa paka wa chembe zinazong'aa ni silika hiyo hiyo, ilimradi hauna manukato. (Paka wa Lamu hawana habari na mchanga wa kununua, kwa hiyo hutawanyang'anya.) Itie kwenye mfuko wa kitambaa cha pamba ulioshonwa vizuri, kwa sababu vumbi la silika hukwaruza kadi.

Kuikausha tena hakuhitaji mtambo. Kwenye ovena, nyuzi 120 kwa saa mbili hadi tatu. Asiye na ovena atumie sufuria nzito, atandaze silika unene wa kidole, moto mdogo chini na makaa machache yapaliwe juu ya kifuniko, kama anayeoka mkate wa kumimina. Kitu cha kuchunga ni moto usizidi: ikipita nyuzi 150 rangi ya machungwa huungua na hutajua tena lini imeshiba. Iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa. Ukiiacha wazi jikoni usiku kucha, asubuhi umeshapoteza kazi yote.

Kipima unyevu kidogo cha betri ni cha lazima, na kabla ya kukiamini kipime chenyewe. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kijaze chumvi ya kawaida, ya Gongoni yatosha, idondoshee maji mpaka iwe kama tope bila kuyeyuka. Iweke pamoja na kipima ndani ya mfuko wa zipu uliofungwa, uache saa nane hadi kumi na mbili. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70, jua kila siku uongeze 5. Ndani ya sanduku la kadi lenga 40 hadi 50. Usifurahie ukiona 20. Karatasi iliyokauka kupita kiasi huwa ngumu na rangi ya Bowman za zamani hupasuka ukiikunja hata kidogo.

Pakiti za kusawazisha unyevu za asilimia 49, kama Boveda, ni bidhaa nzuri mahali penye hewa ya kawaida, kwa sababu hutoa na kupokea maji pande zote mbili. Hapa hazina la kutoa. Zitapokea tu mpaka zivimbe, na kuzikausha upya si rahisi kama silika. Alama mbili, tena kwa sanduku ambalo tayari limekaushwa.

Kukagua kabla ya kulipa

Kadi za miaka ya 1960 za wachezaji wasio na jina, zilizochakaa, huuzwa kwa dola chache, na hizo hakuna anayejisumbua kuzighushi. Hatari iko kwenye majina. Topps ya 1952 nambari 311 ya Mickey Mantle, nguli wa klabu ya Yankees, iliuzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022, kwa hiyo nakala zake zimejaa. Inasemekana kwa majuto hadi leo kwamba 1960 Sy Berger wa Topps alijaza jahazi makasha ya kadi za 1952 zilizododa na kuzimwaga Atlantiki. Ukiona hivyo, bahari imekula kadi nyingi kuliko koga zetu zote.

Kifaa cha kwanza ni rula. Topps wenyewe walichapisha upya seti ya 1952 mwaka 1983, lakini kwa kipimo cha 64 kwa 89. Kadi ya "1952" yenye kipimo hicho si ya 1952, basi. Rula pia hufichua kadi iliyopunguzwa kingo ili ionekane mpya. Hilo si jambo dogo: T206 ya Honus Wagner iliyokuwa maarufu kuliko zote, ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, ilikuwa imekatwa kingo, na muuzaji Bill Mastro alikiri hivyo mahakamani 2013.

Kifaa cha pili ni lenzi ya sonara, ya kukuza mara kumi. Mafundi wa fedha wa Lamu wanayo, na kuazima dakika mbili si tatizo. Tazama herufi za jina la mchezaji. Kwenye kadi halisi za zamani herufi nyeusi ni wino mmoja mzima wenye ukingo safi. Kwenye nakala iliyopigwa picha na kuchapishwa upya, herufi nazo zimeundwa kwa vitone vya rangi kama sehemu nyingine ya picha.

Cha tatu kipo kwenye kaunta nyingi za maduka na za wakala wa M-Pesa: taa ya kukagulia noti. Mwanga wake wa urujuanimno huamsha dawa za kung'arisha karatasi, na dawa hizo zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. T206 au Goudey ikiwaka buluu-nyeupe chini ya taa hiyo, karatasi yake ni ya juzi. Isipowaka, bado si hakikisho, kwa sababu mghushi anaweza kutumia karatasi iliyong'olewa kwenye kitabu cha zamani. Ni kifaa cha kukataa, siyo cha kukubali.

Saini kwa posta

Huduma yenyewe, yaani kumtumia mchezaji kadi kwa posta ili aitie saini na kuirudisha, tunaipa alama tatu na nusu. Ni nafuu, ni ya heshima, na majibu huja. Lakini utaratibu wake umeandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani: barua, kadi, na bahasha ya kurudishia yenye stempu na anwani yako. Hiyo bahasha ya kurudishia ndiyo inayowaangusha wengi wa huku.

Stempu ya Kenya haitumiki Marekani. Linaonekana dogo, lakini ndilo kosa namba moja. Bahasha ya kurudi inatumwa kutoka Marekani, kwa hiyo inataka stempu ya Marekani, na inayofaa ni ile ya duara iitwayo Global Forever, iliyotolewa mara ya kwanza 2013. Haina bei juu yake. Inabeba barua ya hadi aunsi moja, yaani gramu 28, kwenda nchi yoyote, hata bei ikipanda baada ya wewe kuinunua. Waagize jamaa walio Marekani, au nunua kwa wauza stempu wa mtandaoni, lakini ogopa sana anayeuza chini ya nusu ya bei ya posta: stempu bandia za Marekani zimetapakaa, na barua yenye stempu bandia hairudi kwako.

Kuponi ya posta ya kimataifa, iliyobuniwa 1906 kwa kazi hii hasa, siku hizi ni mapambo. Posta ya Marekani iliacha kuiuza 2013, na hata penye ofisi inayoipokea, mchezaji hatapanga foleni ili akubadilishie kuponi apate stempu. Noti ya dola ndani ya bahasha nayo usitie. Kanuni za posta haziruhusu pesa kwenye barua ya kawaida.

Sasa ufungaji. Bahasha ya nje iwe ya kaki, milimita 162 kwa 229. Ya kurudi iwe nyeupe ndefu, 110 kwa 220. Usifanye ya kurudi kuwa ya kaki kama ile ya nje, kwa sababu kwa posta ya Marekani bahasha inayozidi milimita 156 upana wake haihesabiwi tena barua, na stempu yako moja haitatosha. Kunja ile nyeupe mara moja katikati, uitie ndani. Kunjo hilo halina madhara. Kadi itakaa upande mmoja wa kunjo wakati wa kurudi.

Kata vipande viwili vya kadibodi nyembamba, ya boksi la majani ya chai inatosha, 80 kwa 100 kila kimoja, uweke kadi katikati. Usitie toploda. Bahasha ngumu isiyopinda haipiti mashine za kuchambulia barua na hutozwa nyongeza, na mchezaji mwenye barua mia mbele yake hapendi kung'ang'ana na plastiki. Usitie hata kifuko laini: wino mbichi utashikana nacho. Kadi moja, kadibodi mbili, barua ya nusu karatasi, bahasha mbili: gramu 22 hivi kwenda, 12 hivi kurudi. Kadi ya pili inaongeza chini ya gramu mbili. Ya tatu ni tamaa, na wengi hurudisha zote bila saini wakiona rundo.

Kuna jambo la Pwani ambalo miongozo ya Marekani haina. Gundi ya bahasha, ile ya kulambwa, hulowa yenyewe kwa unyevu wetu na kujifunga. Utatuma bahasha ya kurudi ikiwa wazi, itafika imefungwa kama iliyopigwa pasi, na mchezaji ataitupa. Nunua bahasha zenye utepe wa kubandua. Ukikosa, weka ukanda wa karatasi ya kuokea keki chini ya kifuniko cha gundi. Wa Lamu anayevuka kwa boti kwenda kutuma Mokowe au ng'ambo yake aibebe barua ndani ya mfuko wa zipu mpaka kaunta. Wino wa anwani ukipata tone moja la maji ya chumvi, umekwisha.

Anwani yako iandikwe kwa herufi kubwa: jina, sanduku la posta, mji na msimbo wake, Lamu 80500 au Malindi 80200, kisha KENYA peke yake mstari wa mwisho. Anwani ya mchezaji anayecheza bado ni ya klabu. Cubs wako Wrigley Field, 1060 West Addison Street, Chicago, IL 60613. Red Sox wako Fenway Park, 4 Jersey Street, Boston, MA 02215. Anza na jina la mchezaji, kisha klabu, kisha uwanja. Wastaafu wana orodha za anwani za nyumbani zinazozunguka mtandaoni, lakini kumwandikia mtu nyumbani kwake bila yeye kuitangaza anwani hiyo ni kuingia bila hodi. Pitia ofisi ya klabu yake ya zamani.

Rejista usilipie. Atakayetia saini ya kupokea ni mtu wa ofisi ya barua ya klabu, siyo mchezaji, kwa hiyo umelipa ili ujue ilifika getini. Pesa hiyo ni stempu nyingine ya kurudishia.

Barua iandikwe kwa mkono, Kiingereza chepesi, mistari isiyozidi kumi: wewe ni nani, uko wapi, jambo moja mahususi kuhusu uchezaji wake, ombi, asante. Wachezaji wengi wametoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela. Mstari mmoja wa Kihispania hupokewa vizuri. Kutajwa kwa Lamu kunasaidia, na muhuri wa posta ya mbali hujitenga na rundo la bahasha za Ohio. Kisiwa hiki kina historia yake na stempu: Wajerumani walifungua posta hapa Novemba 1888 na kuifunga Machi 1891, na jengo lake ni makumbusho hadi leo kwenye Usita wa Mui. Sentensi moja juu ya hilo inatosha. Usimwandikie insha.

Wakati bora ni mazoezi ya kabla ya msimu, katikati ya Februari hadi mwisho wa Machi, ambapo timu ziko Florida au Arizona na wachezaji wana nafasi. Barua itoke huku mwanzoni mwa Januari, kwa anwani ya kambi ya mazoezi ya klabu. Iliyokosa dirisha hilo iende uwanja wa nyumbani mwezi wa Aprili. Inayofika Oktoba, msimu ukiwa umekwisha, hukaa kwenye kreti.

Kuhusu kalamu, usitume. Mchezaji anayo, na kalamu huongeza uzito na huvuja ndegeni. Unachoweza kufanya ni kuitayarisha kadi. Kadi za kisasa zenye mng'ao hukataa wino; hujikusanya kama matone. Sugua taratibu mahali pa saini kwa pamba yenye poda kidogo ya mtoto, kisha futa kabisa. Kadi za zamani zisizo na mng'ao usiziguse. Kalamu ya maka ya buluu kama Sharpie hukaa vizuri kwenye kadi nyingi, lakini kwenye kadibodi ya zamani huenea na baada ya miaka hutoa kivuli cha njano; hapo biki ya kawaida ni bora.

Na kadi gani utume? Siyo ya thamani. Barua hupotea, mvua hunyesha, mchezaji huhama timu. Tuma ya miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, zama ambazo viwanda vilichapisha kupita kiasi hata bei zikaanguka, ikipotea hutalia.

Kisha inarudi ikiwa na saini. Je, ni yake? Mantle wa Yankees alikuwa na barua nyingi kiasi kwamba Pete Sheehy, mtunza chumba cha nguo, alitia saini nyingi kwa niaba yake. Wengine hutumia mhuri wa mpira au mashine. Mhuri utautambua kwa lenzi: wino hauna mwanzo wala mwisho, unene ni mmoja kote. Mashine hutoa saini mbili zinazolingana mstari kwa mstari, basi linganisha na picha za nyingine. Saini halisi ina mahali kalamu ilipokimbia na mahali ilipotua. Usidanganyike pia kwamba saini ya nguli lazima iwe ghali. Bob Feller, aliyefariki 2010, alitia saini kwa ukarimu maisha yake yote, na kwa sababu hiyo ya kwake ni kati ya zile nafuu za wachezaji wa Ukumbi wa Heshima wa besiboli. Kwa anayeanza, kununua Feller iliyokwisha kuthibitishwa ni busara kuliko kukimbilia Mantle isiyo na karatasi. FBI ilipofanya uchunguzi wake wa Operation Bullpen miaka ya 1990, ilikuta mtandao mzima wa kughushi saini za wanamichezo.

Huduma za kupima na kuthibitisha, PSA na wenzao, hatupendekezi kuzitumia moja kwa moja kutoka huku. Usafirishaji wa kwenda na kurudi pamoja na bima hula faida ya kadi nyingi, na tangu 29 Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vidogo vya bidhaa, kwa hiyo karatasi za forodha nazo zimeongezeka. Kadi iliyokwisha kupimwa inunue ikiwa tayari kwenye kibanda chake, yaani kasha gumu la plastiki inamofungiwa na wapimaji, na ikifika, kibanda hicho nacho kiingie kwenye sanduku la silika. Kimefungwa kabisa, lakini hakizuii hewa.